Vitofali vya Nta: Historia ya Kulisoma Ini

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kunisikia nikizungumzia hifadhidata, seva zinazozimika usiku wa manane na watu wasiotaka kutengeneza nakala za akiba. Leo nitazungumzia ini. Msihame kwanza. Hifadhidata zitajileta zenyewe kabla hatujafika mbali.

Sababu ni hii. Rafiki yangu mmoja, mwanapatholojia, aliniuliza kama ninaweza kumwandikia programu ndogo ya kuhesabu wekundu katika picha. Unachukua kipande cha ini kilichotiwa rangi, makovu yanatokea mekundu na nyama iliyobaki inakuwa manjano, kisha tarakilishi inahesabu ni asilimia ngapi ya vitone vya picha ni vyekundu. Kazi ya jioni mbili. Nikamwuliza: sasa hiyo asilimia itamwambia nini mgonjwa? Akacheka. Akasema hilo ndilo swali ambalo fani yake imekuwa ikihangaika nalo muda wote huu. Basi nikaanza kusoma, na nilichokikuta kinawahusu sana watu wa kazi yetu.

Watu wamelitazama ini ili kuijua kesho tangu zamani mno. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna ini la kondoo lililofinyangwa kwa udongo huko Babeli zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Juu yake kuna mistari inayoligawa katika vyumba vidogo vidogo, na vyumba hivyo vimeandikwa: alama ikionekana hapa, jambo fulani litatokea. Mimi nikikitazama kitu hicho naona jedwali. Hata hapa kwetu wapo wazee, Waturkana wakiwemo, wanaosoma matumbo ya mbuzi. Na katika Kiswahili maini ndipo uchungu unapokaa, ndiyo maana tunasema neno fulani limemkata mtu maini. Kukata ini la mtu kwa sindano ili kujua yatakayompata mtu huyo huyo lilikuwa jambo jipya kabisa, na lilichelewa.

Turuke hadi Paris, mwaka 1819. René Laennec, daktari yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, alikuwa akipasua maiti na kuandika alichokiona. Katika kitabu chake kuhusu magonjwa ya kifua aliingiza maelezo ya ini lililosinyaa, lililojaa vinundu vya rangi ya manjano iliyokaribia hudhurungi, akalipa jina kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo. Ndiko tulikopata sirosisi. Kwa hiyo jina la ugonjwa huu ni jina la rangi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiashiria cha kwanza cha tishu ambacho tiba ya kisasa ilikuwa nacho: rangi inayoonekana kwa macho. Kasoro yake ni kwamba ili uione, mwenye ini awe ameshafariki.

Hapa inafaa nieleze ugonjwa wenyewe unavyokwenda, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Ini linaweza kuumizwa na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, na pombe, na mafuta yanayorundikana ndani yake, na mambo mengine. Likiumia linajitibu. Likiumia kila siku kwa miaka, linaanza kujishona kwa makovu. Ndani yake kuna seli zenye umbo la nyota ambazo Karl von Kupffer alizieleza mwaka 1876. Wakati wa amani kazi yao ni kuhifadhi vitamini A. Wakati wa vita zinabadilika tabia, zinaacha vitamini na kumwaga kolajeni, yaani zile nyuzi ngumu za kovu. Watafiti walilithibitisha hilo baada ya kufaulu kuzitenga na kuzikuza maabarani katika miaka ya 1980. Makovu yakizidi, damu inashindwa kupita ndani ya ini, shinikizo linapanda kwenye mishipa, tumbo linajaa maji, mishipa ya umio inavimba na siku moja inapasuka. Mara nyingine saratani inatokea.

Safari hii yote inaweza kuchukua miaka 20 au 30, na muda mwingi mgonjwa hasikii chochote. Ini halina kelele. Daktari anataka kujua hivi: kati ya watu mia walioketi kwenye benchi la kliniki wakiwa na virusi, ni nani atakayetapika damu miaka kumi ijayo, na ni nani atakayezeeka na virusi vyake kwa amani? Dawa ni ghali, vitanda ni vichache. Lishikeni swali hilo, kwa sababu historia yote inayofuata ni historia ya watu wenye akili nyingi wakilisahau na kulikumbuka tena.

Sindano ilianza mwaka 1883, Ujerumani, Paul Ehrlich alipochomoa chembe za ini la mgonjwa wa kisukari ili kupima sukari iliyohifadhiwa humo. Baada ya hapo jambo hili lilijaribiwa hapa na pale kwa miongo mingi. Lililobadilisha mambo lilitokea Copenhagen mwaka 1939, Poul Iversen na Kaj Roholm walipochapisha matokeo ya kuwachoma sindano wagonjwa wenye manjano ya macho. Hadi wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba manjano ya aina hiyo yanaletwa na ute unaoziba mrija wa nyongo, kama bomba la jikoni linavyoziba. Vipande vya Copenhagen vilionyesha kwamba seli za ini zenyewe ndizo zilizoharibika. Nadharia iliyoheshimiwa kwa miongo ikaondoka kwa sababu mtu alikwenda kuangalia. Wenzangu mnaotafuta wadudu kwenye programu mnaijua furaha hiyo: soma kumbukumbu za mfumo kabla ya kubishana.

Katika miaka ya 1940 Sheila Sherlock, daktari kijana wa London, aliifanya sindano hiyo kuwa chombo cha kawaida cha utafiti wa ini. Mwaka 1959 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa tiba Uingereza. Mwaka 1958 Giorgio Menghini, Mwitaliano, alichapisha njia ambayo sindano inakaa ndani ya ini kwa sekunde moja tu. Hatari ikapungua sana, na baada ya hapo biopsi ya ini ikaenea hospitali za dunia nzima. Hatari haikwisha lakini. Makadirio yanayotajwa na wataalamu ni kwamba kifo hutokea mara moja katika biopsi kama 10,000, kwa kawaida kutokana na kuvuja damu.

Kipande kikishatoka kinatumbukizwa kwenye fomalini kisioze, kisha kinazamishwa katika nta ya mafuta ya taa iliyoyeyushwa, inaganda, na unapata kitofali kidogo kinachotosha kwenye kiganja. Unakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, unavibandika kwenye kioo, unavitia rangi, unavitazama kwa hadubini. Kitofali kinachobaki kinawekwa kwenye droo. Hakihitaji umeme. Wala hakihitaji kuhamishwa kila baada ya miaka mitano kwa sababu kampuni imeacha kutengeneza vifaa vya kukisoma. Nimefanya kazi na tepu, na diski laini, na sidii zilizokataa kufunguka, na nawaambieni sijaona chombo cha kuhifadhia data chenye subira kama nta. Tutakirudia kitofali hiki.

Vipande vilipokuwa vingi, tatizo likawa namna ya kuviandika. Daktari mmoja anasema "makovu ya wastani", mwingine anasema "makovu kiasi". Mwaka 1968 kundi la wanapatholojia wa Ulaya lilikubaliana juu ya majina mawili makubwa: homa ya ini sugu inayoendelea tu, na ile iliyo kali. Ilitumika miaka mingi. Kisha mwaka 1981 Robert Knodell na wenzake Marekani wakaleta namba: unatoa alama kwa kila aina ya uharibifu, unajumlisha, unapata kati ya 0 na 22. Wanaprogramu wenzangu, tazameni alama za makovu katika mfumo huo: 0, 1, 3, 4. Namba 2 haipo. Waliiruka kwa makusudi ili ugonjwa mdogo na mkubwa visikaribiane kwenye jumla. Halafu watu wakachukua namba hizo wakazitafutia wastani!

Mwaka 1994 wanapatholojia kumi wa Ufaransa walitoa mfumo uitwao METAVIR, wenye madaraja matano ya makovu, F0 hadi F4, F4 ikiwa sirosisi. Uzuri wao ni kwamba walijipima kwanza. Kila mmoja alisoma vipande vile vile, wakaangalia wanakubaliana kiasi gani. Kwenye makovu walikubaliana vizuri, kwenye uvimbe na vifo vya seli kidogo zaidi. Mwaka 1995 kundi la Kamal Ishak likatoa mfumo mwingine wenye madaraja ya makovu kutoka 0 hadi 6. Hadi leo ukisoma makala mbili za ini lazima uangalie kwanza namba 4 ya nani.

Namba ikishaandikwa inapata mamlaka. Mwaka 1997 Thierry Poynard na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa wagonjwa 2,235 wa homa ya ini C. Waligawanya daraja la kovu kwa miaka ya maambukizi wakapata mwendo wa 0.133 kwa mwaka, na muda wa kati wa kufikia sirosisi ukawa miaka 30. Kazi kubwa, na ilionyesha jambo la kweli: wanaume, wanywaji pombe na walioambukizwa wakiwa na umri mkubwa walikwenda kasi zaidi. Ila F0, F1, F2 ni majina yaliyovaa nguo za namba. Umbali kati ya F0 na F1 haufanani na ule kati ya F3 na F4, kama vile umbali wa Nairobi hadi kituo kinachofuata haufanani na wa kituo hicho hadi cha mbele yake kwa sababu tu vyote ni "kituo kimoja".

Ngumu zaidi ilikuwa sampuli yenyewe. Kipande cha sindano ni takriban sehemu moja katika 50,000 ya ini. Mwaka 2002 Arie Regev na wenzake walichukua vipande viwili kutoka kwa kila mmoja wa wagonjwa 124, kimoja upande wa kulia wa ini na kimoja wa kushoto. Theluthi moja ya wagonjwa walipata daraja tofauti kwa pande mbili za ini lao wenyewe. Mwaka uliofuata Pierre Bedossa, mmoja wa watu wa METAVIR, alifanya jaribio ambalo lilinifanya nisimame na kuzunguka chumbani. Alichukua vipande vikubwa vya ini vilivyotolewa kwa upasuaji, akavigeuza kuwa picha za dijitali, halafu tarakilishi ikachoma "sindano" za kubuni kwenye picha hizo mahali tofauti tofauti. Kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa linajulikana, angeweza kuhesabu sindano ilipatia mara ngapi. Biopsi ya milimita 15 ilipatia daraja sahihi asilimia 65. Ya milimita 25, asilimia 75. Na hapo msomaji wa hadubini hajachoka bado.

Sasa unganisheni na lililokuwa likitokea wakati huo huo. Wagonjwa hawapendi sindano, kwa hiyo watafiti walitafuta vipimo vya damu. FibroTest ilitoka mwaka 2001, APRI mwaka 2003, FIB-4 mwaka 2006, na mashine ya FibroScan inayopima ugumu wa ini kwa mtetemo ilielezwa mwaka 2003. Kila kimoja kilipimwa ubora wake kwa kulinganishwa na nini? Na biopsi. Yaani rula iliyopinda ndiyo iliyotumika kukagua rula mpya. Mwaka 2009 Shruti Mehta, Nezam Afdhal na wenzao walikaa chini wakapiga hesabu: hata ukiwa na kipimo cha damu kisichokosea kamwe, ukikilinganisha na biopsi inayokosea kama tunavyojua inakosea, kwenye karatasi kitaonekana kina kasoro. Hakiwezi kupata alama zaidi ya 0.90 hivi kati ya 1. Vipimo kadhaa vya damu vilikuwa tayari vimefika karibu na dari hiyo na bado vilikuwa vinalaumiwa.

Kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo kitovu cha mambo yote. Swali lilikuwa "nini kitampata mtu huyu?", likateleza pole pole likawa "kipande chake kinafananaje?", kisha likateleza tena likawa "damu yake inafanana na kipande chake kiasi gani?" Kila hatua ilikuwa na maana yake ilipochukuliwa. Ukizijumlisha, umeondoka na mgonjwa na umebaki na kioo.

Wako waliobaki na swali la kwanza, na wengi wao hawakugusa tishu kabisa. Mwaka 1964 madaktari wa upasuaji Charles Child na Jeremiah Turcotte walipanga wagonjwa wa sirosisi katika makundi A, B na C ili kujua nani atahimili upasuaji. Mwaka 1973 Pugh na wenzake London wakaurekebisha mpango huo. Mwaka 2000 watafiti wa Mayo Clinic walichukua wagonjwa 231 waliowekewa njia ya kupitishia damu ndani ya ini, wakauliza jambo moja tu: nani alikufa, na lini? Wakapata fomula yenye vipimo vitatu vya damu, kila kimoja kikichukuliwa logi yake asilia. Ndiyo iliyokuja kuitwa MELD. Kuanzia Februari 2002 Marekani ikaitumia kuamua ini la msaada linakwenda kwa nani kwanza, wakati kabla ya hapo muda wa kusubiri kwenye foleni ulikuwa na uzito mkubwa. Fomula ya mistari michache ikawa inapanga foleni ya uhai. MELD ina upungufu wake: inasema vizuri kuhusu miezi mitatu ijayo ya mtu aliye mgonjwa sana. Kwa yule wa kwenye benchi mwenye miaka kumi mbele yake haina la kusema.

Na hapa ndipo kitofali cha nta kinarudi, kwa njia ambayo sikuitarajia.

Tatizo la nta na fomalini ni kwamba zinavunjavunja RNA, zile nakala za jeni zinazoonyesha seli ilikuwa inafanya kazi gani. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ukitaka kusoma jeni nyingi kwa pamoja lazima uwe na tishu iliyogandishwa kwenye baridi kali mara tu inapotoka mwilini. Hospitali nyingi za dunia hazina hiyo. Mwaka 2008 Yujin Hoshida, Todd Golub na wenzao walichapisha katika New England Journal of Medicine njia ya kusoma vipande vifupi vifupi vya RNA iliyovunjika, jeni zaidi ya 6,000 kwa pamoja, kutoka kwenye vitofali vya kawaida vya nta. Baadhi vilikuwa vimekaa droo kwa miaka 24. Asilimia 90 ya sampuli zilisomeka vizuri. Asilimia 90! Jaribuni kufungua faili zenu za miaka 24 iliyopita muone.

Walianza na Wajapani 82 waliofanyiwa upasuaji wa kutoa saratani ya ini. Walisoma uvimbe wenyewe wakitafuta jeni zinazotenganisha waliopona na waliokufa, wasipate kitu cha maana. Kisha wakasoma nyama ya ini iliyokuwa pembeni ya uvimbe, ile iliyokatwa pamoja na saratani bila kupangwa. Humo ndimo lilimokuwa jibu. Jeni 186 katika ini lisilo na saratani ziliwatenganisha wenye maisha marefu na wenye mafupi, na walipozijaribu kwa wagonjwa wengine 225 wa Marekani na Ulaya zikashikilia. Ukifikiri, inaeleweka. Uvimbe ulishatolewa na daktari, umekwenda. Kilichobaki mwilini ni shamba lile lile lililouotesha, na saratani inayorudi baada ya miaka mara nyingi ni mpya, imeota kwenye shamba hilo.

Mwaka 2013 Hoshida na wenzake wakaenda mbele. Italia kulikuwa na wagonjwa 216 wa homa ya ini C wenye sirosisi ya mwanzo, waliofuatiliwa kwa muda wa kati wa miaka 10. Biopsi zao zilikuwepo kwenye nta. Kwenye hadubini wote ni daraja moja: sirosisi. Jeni zile 186 ziliwagawa katika makundi matatu, na baada ya miaka 10 waliokuwa hai ni asilimia 63 katika kundi baya, 74 katika la kati, 85 katika zuri. Mfumo wa madaraja ulikuwa umefika mwisho wa ngazi, F4, na bado ndani ya F4 kulikuwa na watu wenye kesho tofauti kabisa.

Kazi hizi zinanigusa kwa sababu ya kitu ambacho hakikupewa kichwa cha habari. RNA pekee isingesema lolote. Thamani yake ilitokana na mtu fulani Japani na mtu fulani Italia aliyeandika, mwaka baada ya mwaka: kitofali namba hii ni cha mgonjwa huyu, alikuja, tumbo lilijaa maji tarehe hii, alifariki tarehe ile. Mashine ya kusomea jeni unaweza kuinunua. Miaka 10 ya kufuatilia watu hainunuliki.

Mfano mwingine unaonyesha hilo hilo. Ugonjwa wa ini lenye mafuta wa watu wasiokunywa pombe ulipewa jina na Jurgen Ludwig mwaka 1980, na mwaka 2005 ukapata mfumo wake wa alama unaojumlisha mafuta, uvimbe na seli zilizofura. Majaribio mengi ya dawa yakajengwa juu ya alama hizo. Mwaka 2015 yakaja matokeo ya watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu, 619 katika utafiti wa Paul Angulo wa nchi kadhaa, na 229 nchini Sweden, baadhi yao kwa miaka 33. Kilichotabiri vifo kilikuwa daraja la kovu. Ile jumla ya alama iliyotumika mwongo mzima haikusaidia. Kuhesabu wekundu, kazi aliyonipa rafiki yangu, kumbe si mchezo.

Hata kovu lenyewe halisemi linaelekea wapi. Zamani sirosisi ilionekana kama barabara ya kwenda tu. Mwaka 2013 Patrick Marcellin na wenzake walirudia biopsi baada ya miaka 5 ya dawa ya tenofovir kwa wagonjwa wa homa ya ini B. Kati ya 96 waliokuwa na sirosisi mwanzoni, 71 hawakuwa nayo tena. Mwaka 2017 wataalamu wa Beijing wakapendekeza daraja liandikwe pamoja na mwelekeo: kovu pana na laini linajengwa, kovu jembamba lililokatika linabomoka. Picha moja inaweza kukuonyesha gari likiwa Mtito Andei bila kukuambia kama linakwenda Mombasa au linarudi Nairobi, isipokuwa ukiangalia taa.

Nije nyumbani sasa. Kenya ina sura yake katika historia hii, nayo ilianzia kwenye sahani. Mwaka 1973 Frank Peers na Allen Linsell walichapisha utafiti wa Murang'a: walipima sumu ya aflatoksini kwenye chakula cha watu wa nyanda za chini, za kati na za juu, wakalinganisha na saratani ya ini katika sehemu hizo. Zilipanda pamoja. Mwaka 1991 makundi mawili, yakitumia tishu za saratani kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika, yalionyesha katika jarida la Nature kwamba sumu hiyo inaacha sahihi kwenye jeni iitwayo p53: katika neno la 249, herufi AGG zimekuwa AGT. Herufi moja. Sisi tunaoshinda usiku tukitafuta nukta mkato iliyopotea hatuna haja ya kuelezwa herufi moja inaweza kufanya nini. Na mwaka 2004, Makueni, Kitui na majirani zao walikula mahindi yaliyoota ukungu: watu 317 waliugua ini ghafla, 125 wakafa. Hao walikufa kwa sumu nyingi kwa mara moja. Waliokula kidogo kidogo kwa miaka hawamo kwenye hesabu hiyo.

Kwa wagonjwa wengi wa kwetu biopsi haipo karibu, na mashine ya kupima ugumu wa ini ni ya hospitali chache. Kwa hiyo kinachotumika ni APRI. Unachukua kimeng'enya cha AST, unagawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, unazidisha kwa 100, unagawanya kwa idadi ya chembe zinazogandisha damu. Mtu mwenye AST ya 80 mahali ambapo kikomo ni 40, na chembe 160, anapata 1.25. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 mtu mzima alihesabiwa kuwa na sirosisi akizidi 2, kwa hiyo huyu angeachwa. Katika mwongozo wa Machi 2024 kikomo cha sirosisi kimeshushwa hadi 1, na cha kuanza dawa ya homa ya ini B kimeshushwa hadi 0.5. Mwili ni ule ule, damu ni ile ile. Inafaa anayeandika programu za kliniki aweke namba hiyo mahali inapobadilishika kwa urahisi, asiizike ndani ya msimbo.

Programu ya rafiki yangu nimemaliza. Inahesabu wekundu vizuri tu. Hivi karibuni kazi kama hii inafanywa na mifumo mikubwa; Machi 2025 shirika la dawa la Ulaya liliidhinisha mfumo wa akili mnemba wa AIM-NASH usaidie kusoma biopsi katika majaribio ya dawa, na nina hakika unaona mengi ambayo changu hakioni. Lakini nilipomwomba rafiki yangu anipe orodha ya wagonjwa wenye vitofali hivyo ili tulinganishe asilimia na yaliyowapata, tulikwama. Maabara ina daftari lake na namba zake. Kliniki ina faili zake na namba zake. Wodi ina nyingine. Namba ya kitofali haipatikani kwenye faili la mgonjwa, na tarehe ya kifo haipatikani kwenye daftari la maabara. Vitofali vya miaka mingi viko kwenye droo, vizima kabisa, na watu waliotoka humo hatuwezi kuwataja wala kujua kama wako hai. Kuunganisha madaftari matatu ni jedwali moja lenye safu tatu. Hakuna aliyewahi kuombwa alitengeneze.

Tumeanza na mwaka mmoja wa daftari, kwa mkono, yeye akisoma na mimi nikiandika. Kama kuna msomaji anayefanya kazi kwenye maabara ya patholojia, Kenya au kwingine, ningependa kujua kwenu vitofali vinapewa namba vipi na kama namba ya mgonjwa inaandikwa juu yake. Andikeni, hata kama jibu ni fupi.